Siku Reverien Alipotakiwa Kunyamaza

Reverien Nduwayezu hakuwahi kutulia tangu azaliwe. Akikaa, goti lilicheza. Akila, vidole viligonga sahani. Hata akinyamaza, ulimi ulikuwa kazini humo ndani ya mdomo ukijaribu sauti. Siku za mnada mjini Kasulu wafanyabiashara walimkodi atangaze sumu ya panya na mbegu za mahindi kwa kipaza sauti, na hakuna aliyempita bila kugeuza shingo, kwa sababu kabla ya tangazo alipiga king'ora, kisha honi ya lori, kisha chura wa masika, vyote kwa mdomo mtupu. Watoto walizunguka nyuma ya spika kutafuta mashine.

Sauti hizo zilitoka Jamaika, ambako hajafika wala hatarajii kufika. Zilimjia kwenye memori kadi ya simu, nyimbo mia mbili na kitu, akazisikiliza miaka tisa. Kwetu dijei ni mpiga muziki. Kule kwenye dancehall, muziki wa huko Jamaika, dijei ndiye mwenye maneno: anaghani juu ya mdundo, mbiombio, anakwaruza koo, anatetemesha ulimi mpaka usijue neno limeishia wapi na ngoma imeanzia wapi. Nusu ya maneno Reverien hakuyaelewa, na wala hakujali. Alichokitaka ni vile vilio vya katikati ya maneno. Akatunga vyake kwa Kiswahili na Kiha, na kila Jumamosi akapanda jukwaani na wenzake kwenye ukumbi mmoja karibu na stendi.

Walikuwa na desturi moja waliyoichukua hukohuko. Mwenzako akitoa mstari uliokukuna, hupigi makofi. Unamfyatulia risasi za mdomo. Hakuna heshima inayozidi hiyo. Na risasi za Reverien zilijulikana mji mzima: zilitoka kavu, zikarudi na mwangwi wake, ungeapa zimegonga kilima.

Mtu huyu sasa, kati ya wasichana wote, akampenda Providence, mwalimu wa chekechea wa Muyama, asiyesema maneno matatu kama mawili yanatosha. Baada ya mavuno akapeleka wazee kuposa.

Siku ya posa muoaji haongei. Mshenga anasema, upande wa pili unajibu, watu wanataniana juu ya mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake, na yeye kazi yake ni kuinamisha macho na kuonekana mtu mtulivu. Hapo ndipo anapopimwa. Asubuhi ile Providence alimpigia simu.

"Reve, nakuomba. Bibi amesema hataki mtu wa fujo nyumbani kwake, na Bibi akikataa hakuna wa kumpinga. Nyamaza saa mbili tu."

"Saa mbili ni kitu gani?" alisema Reverien, na goti likaanza kucheza.

Bibi huyo, Maximilla, ndiye aliyemlea Providence. Aliingia kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Leo ni raia, ana kahawa yake na migomba yake, na ya huko alikotoka hayakuzungumzwa pale nyumbani.

Saa ya kwanza ilipita kwa taabu. Reverien aliuma ulimi, akakalia mikono, akahesabu mabati ya paa la jirani. Kisha msemaji wa kwa kina binti akachokoza: "Tumesikia kijana wenu anaishi kwa kuwapigia kelele panya."

Uwanja ukacheka. Mshenga, Mzee Bazilio, baba yake mkubwa Reverien, hakuwa na haraka. Alisimama, akaweka kofia sawa.

"Ni kweli. Na panya wa Kasulu wote wamekwisha hama, wako hapa Muyama. Kijana wangu hapendi kazi nusu, ndiyo maana amewafuata. Sasa mkimfukuza mwenye dawa, ndugu zangu, mtabaki na nani?"

Ulikuwa mstari mzuri mno. Kicheko kilikuwa hakijamaliza kupanda na Reverien alikuwa ameshafyatua. Hakuamua, miaka tisa ya Jumamosi iliamua kwa niaba yake. Pra-pra-pra-pra! Na mwangwi juu yake.

Vijana walicheka. Lakini wazee watatu walikuwa wamelala kifudifudi na suti zao, mtungi umepinduka, na kiti cha Bibi Maximilla kilikuwa kitupu. Alikuwa amemkamata Providence kifundo cha mkono na kukimbilia naye migombani, mwanamke ambaye asubuhi hiyohiyo aliinuliwa kitini na watu wawili.

Hapo Reverien akaelewa. Yeye mwenyewe alizaliwa Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi. Watoto wa watu waliokimbia risasi walikuwa wakizawadiana risasi kila Jumamosi mjini Kasulu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona hilo.

Aliwafuata mbio, akawakuta chini ya mgomba. Bibi alikuwa amemlalia mjukuu wake na kumfunika kanga. "Hora, mwana wanje, hora," alinong'ona kwa Kirundi, nyamaza mwanangu, kama anayembembeleza mtoto asilie.

Reverien akapiga magoti. "Bibi, nisamehe. Ilikuwa mdomo wangu."

Bibi alimtazama mikono, akamtazama mifuko. "Muongo wewe. Mdomo haulii hivyo."

"Ni mdomo, Bibi."

"Fanya."

Hakuweza. Kwa mara ya kwanza maishani mdomo wake ulikuwa mkavu, hautaki kitu.

"Fanya, Reve," alisema Providence kutoka chini ya kanga.

Akafanya, kidogo. Bibi akashtuka mwili mzima. Kisha akanyoosha kiganja, akakiweka juu ya midomo ya kijana. "Tena." Akashtuka tena. "Tena." Mara ya nne hakushtuka. Alikitazama kiganja chake.

"Mate," alisema. "Ni mate tu." Na machozi yakamtoka. "Mdogo wangu nilimwachia mkono, sauti ikilia hivihivi. Nilimwachia, mwana wanje. Sikumuona tena."

Waliporudi, wazee wa Muyama walikuwa wamejikung'uta na wamekasirika kweli. Wengine walitaka posa ivunjwe, wengine walitaka faini ya mbuzi. Bibi akaketi.

"Faini naisema mimi. Kila Jumapili atakuja hapa anifundishe sauti ile, mpaka niitoe kwa mdomo wangu."

Watu wakatazamana. Mzee Bazilio akavua kofia, akauliza kwa upole: "Na binti, mama? Mnatupa?"

Bibi akautazama mkono wake. Ulikuwa bado umemkamata Providence kifundo, tangu migombani, na vidole vimemkazia mpaka ngozi imebadilika rangi.

"Mnisubiri kidogo," alisema.

Walimsubiri. Akaanza na kidole gumba, kisha kinachofuata, kimoja kimoja, mpaka akamwachia.