Kiatu cha Ncha Kilichokosa Mwenyewe

Viatu vya ncha vimerudi kwenye fasheni, na Jumapili nilivaa vyangu vya kisigino kirefu kwenda kanisani kwetu Kaaga. Kabla ya wimbo wa kwanza kuisha, cha kulia kilikuwa kimeniuma vibaya. Nikakivua kimyakimya chini ya benchi. Kumbe kiliteleza mbele kikamdunga mguuni mama mmoja aliyeketi mbele yangu.

“Panya!” akapiga nduru.

Mzee wa kanisa akakiokota, akakiinua juu. “Hiki ni cha nani?”

Nikacheka kuliko wote. “Watu huvaa mikuki kanisani siku hizi?” nikamwambia jirani yangu.

Mzee akakiweka kwa meza ya mbele, akatazama ratiba. “Mwalimu Kendi, kuja utusomee Neno.”

Nikatembea na kiatu kimoja, ko, kimya, ko, kimya, mpaka mbele, penye mkuki wangu.