Eveline, Mke Aliyeandikwa Kichaa

Eveline alikuwa fundi cherehani pale Igowole, na kwaya zote za usharika zilimjua. Kwao ni Tukuyu, upande wa Mbeya. Ndoa ndiyo iliyomleta Mufindi, kwa Dastan, mpasua mbao na mzee wa kanisa.

Ugonjwa ulianzia mikononi. Akitunga uzi kwenye sindano, vidole vinatetemeka. Jasho linamtiririka asubuhi za Juni, wenzake wamejikunyata ndani ya makoti. Alikula kuliko mumewe na bado akakonda. Macho yakamtoka. Shingo nayo ilivimba, lakini rovu huko milimani si habari. Kilichowapa watu maneno ni ukali wake: kufoka, kulia, kutolala.

"Mke wangu amechanganyikiwa," Dastan alianza kusema. Alisema kwa sauti ya huruma, ndiyo maana waliamini.

Siku homa ilipompanda, Eveline alipayuka na kuvua gauni uani, majirani wakitazama. Dastan akampeleka kituo cha afya. Mganga wa zamu hakumgusa shingo wala kifua. Alimuuliza mume, na mume akajibu, "Ni kichaa, dokta. Ana muda mrefu hivi." Ikaandikwa kwenye kadi: ugonjwa wa akili. Akachomwa sindano ya usingizi, akarudishwa nyumbani.

Aliyemwokoa ni kaka yake, Asukile, mfanyabiashara wa viazi. Alipita kumsalimia akamkuta stoo ya mahindi, amefungwa kamba mguuni, anaharisha, mwili unawaka kama jiko. Hakumwomba shemeji yake ruhusa. Alikata kamba, akachukua kadi ya kituo, akampakia dada yake kwenye pikapu na kushika barabara ya Mbeya.

Kwenye hospitali aliyomfikisha, mapokezi walinakili maneno ya kadi juu ya faili. Lakini daktari, mama wa makamo, aliweka vidole shingoni mwa mgonjwa, akasikiliza moyo, akapandisha sauti kuwaita manesi.

"Huyu si kichaa," alimwambia Asukile. "Tezi la shingo linafanya kazi kupita kiasi. Limemmwagia homoni mpaka moyo na kichwa vimeelemewa. Mngechelewa mngeniletea maiti."

Walimpa dawa, wakamtundikia dripu, wakampooza kwa vitambaa vya maji. Fahamu zilipomrudia aliuliza, "Wanangu wako wapi?"

Asukile akamweleza yaliyomfikia kwa simu. Dastan alikuwa amewaambia wazee wa kanisa kwamba mkewe ni mwendawazimu na hospitali imeandika hivyo. Watoto hawaruhusiwi kumwona. Na nyumbani kuna mwanamke, Goodness, kaja "kusaidia kulea".

Eveline hakulia. "Ameniua kwa maandishi," alisema. "Atanifufua kwa mdomo wake mwenyewe."

Alipopona vya kutosha kuruhusiwa, alikwenda chumba cha kumbukumbu. Huko alikuwapo Frida, ambaye kazi yake ni kuupa kila ugonjwa ulioandikwa kwenye faili namba yake kwenye kompyuta.

"Nataka karatasi inayosema sikuwa kichaa."

Frida akafunua faili. "Dada, mimi siandiki ninachoambiwa na mgonjwa, naandika alichoandika daktari. Hapa juu wameweka ugonjwa wa akili. Ndani daktari ameandika 'tezi', basi. Tezi gani? Nikiingiza hivi, kila utakapotibiwa hapa utasomeka mgonjwa wa akili."

"Sasa?"

"Namrudishia mwenyewe. Akiandika wazi, naingiza wazi."

Daktari aliposoma swali la Frida alicheka kidogo kwa haya. Alipiga mstari kwenye maneno ya mapokezi, akasaini pembeni, akaandika kwa kirefu: tezi la shingo kufanya kazi kupita kiasi, lililofikia dharura ya kutishia uhai, kuchanganyikiwa kulisababishwa na dharura hiyo. Frida akaiacha namba ya akili, akaingiza ya dharura ya tezi, E05.5. Eveline akaomba nakala yenye muhuri.

Wazee wa kanisa walikuwa kikaoni Igowole alipoingia, amevaa gauni jipya alilolishona mwenyewe.

"Kamwene, Mchungaji," alimsalimu Mchungaji Timotheo, kisha akamgeukia mumewe. "Baba Amos, uliwaletea hawa habari za hospitali. Nami nimeleta. Soma."

Dastan akasoma kwa kunong'ona.

"Kwa sauti."

Akasoma. Alipofika kwenye "kutishia uhai" akataka kuikunja karatasi.

"Endelea. Hujafika kwenye kuchanganyikiwa."

Akasoma mpaka mwisho.

"Sasa waambie habari ya kamba."

Dastan akapiga magoti, akaomba msamaha. Mchungaji akasema taratibu, "Mama Amos, mwenzako amejishusha. Msamehe."

"Mchungaji, sikuja kusamehe. Nimekuja aaibike."

Dastan alivuliwa uzee wa kanisa, akatengwa na ushirika. Goodness alirudi kwao Idodi bila kuaga. Eveline akachukua cherehani yake na Blessing, binti yake mdogo. Amos, kijana wa sekondari, alikataa kupanda gari.

"Umemsomesha baba mbele za watu kama mtoto wa chekechea," alisema. "Mimi nabaki naye."

Eveline akafunga mlango wa pikapu.

Siku hizi anashona Mwanjelwa, Mbeya. Dawa anameza bila kukosa, na mikono imetulia. Hivi karibuni Dastan alimtuma Asukile: anataka kurudishwa kundini, na wazee wanangoja neno la mkewe.

"Dada, imetosha," Asukile alimsihi.

"Haijatosha."

"Amezeeka ghafla, ungemwona."

"Vizuri." Alikanyaga cherehani, akashona upindo mzima. "Amos je? Aliniulizia?"

Asukile akatazama nje, barabarani. "Hapana," alisema.

Eveline akakata uzi kwa meno, akavuta kitambaa kingine.