Mwezi wa Mtaani Kwetu

Kabla hatujayaona maji, tuliyasikia. Yalikuja nyuma ya mikoko kwa sauti ndogo ya kukwaruza, kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo chumba cha pili, nami nikadhani ni upepo. Mwenzangu alisimama, akainua kidole.

"Hayo hayatoki," alisema. "Yanaingia."

Mbele yetu palikuwa na kijito cha maji ya chumvi. Kwa hesabu yake, tulipaswa kukivuka bila kulowa magoti. Asubuhi ile tulikuwa tumevuka mto Pangani kwa pantoni, mabegi mgongoni, tukafuata ufuko kuelekea Ushongo. Babu yake alikuwa mvuvi Mombasa, na tangu utotoni alimfundisha kujua saa ya kupwa na saa ya kujaa kwa kuhesabu siku za mwezi tu. Nilipotaka kumuuliza mtu kijijini, alinikata jicho.

"Tuulize maji? Shoga, kwani sisi tumetoka bara?"

Nilicheka. Safari ile nilikuwa tayari kucheka kwa lolote alilosema. Zilikuwa zimebaki wiki chache aolewe na kuhamia Maskati, na kwa muda mrefu urafiki wetu ulikuwa umebaki wa salamu za simu. Mimi ndiye niliyembembeleza tusafiri, kutoka mpakani Horohoro hadi Bagamoyo, kama tulivyoahidiana tukiwa shuleni. Nilitaka nirudishiwe rafiki yangu, japo kwa siku chache, kabla bahari haijawa baina yetu.

Mkasa wa kwanza ulikuwa mwepesi. Tulisali Idi mtaani kwetu Mombasa, tukapanda basi na mfuko wa visheti, tukavuka mpaka, na Tanga tukawakuta watu bado wamefunga. Msikiti wetu ulifuata mwezi ulioonekana nchi za mbali. Wao walikuwa wakingoja kuuona kwa macho yao. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni, natafuna, mzee mmoja akapita. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akasema, macho yake kwenye kisheti mkononi mwangu. "Nyie ni wasafiri au ni wagonjwa?"

"Sisi ni Idi, babu," mwenzangu akajibu.

Mzee akaondoka akitikisa kichwa. Mimi niliingia ndani, nikacheka mpaka nikauma mto. Kesho yake jiji zima likavaa nguo mpya, nasi tukala Idi mara ya pili.

Sasa tulikuwa mbele ya kijito ambacho kilikataa kupwa. Kurudi kulikuwa mbali. Tukaingia, maji mapajani, kisha kiunoni. Katikati, penye mawe, alipiga ukelele: alikuwa amemkanyaga yule mdudu wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi. Akaanguka kwa ubavu, na begi lake likanywa maji pamoja na simu iliyokuwa ndani. Nilimvuta kwa mkono hadi ng'ambo. Alikaa mchangani akiitazama bahari kama mtu aliyetukanwa na ndugu yake wa damu.

Kwa kuegemeana tulifuata njia ya minazini, upande wa Mwera, hadi nyumba ya kwanza. Mama mmoja alikuwa akianika mbata uani. Alituona tunavyochuruzika kabla hata ya kuitika hodi yetu.

"Karibuni! Mmetoka kuvua, wanangu, au nyie ndio mliovuliwa?"

Nilicheka peke yangu.

Alichuma papai bichi, akalikwaruza kwa kisu, akaupaka ule utomvu mweupe kwenye kisigino cha mwenzangu. "Tulia basi. Ukilia hivi kwa miiba, leba utafanyaje?" Kisha akauliza, "Hamkuuliza maji?"

"Nilihesabu, mama," mwenzangu alisema. "Leo si mwezi tano, siku ya tano tangu uandame?"

"Mwezi tano wapi? Leo mwezi nne, mwanangu."

Tulielewa kwa pamoja. Alikuwa amehesabu kwa mwezi wa mtaani kwetu, bahari imekwenda na ule uliokuwa mbinguni. Siku moja tu, lakini kwa maji siku moja ni karibu saa nzima, nasi tulifika tumechelewa. Nilimtazama nikingoja kicheko. Nilikuwa na hakika kwamba hapo ndipo kitakapotoka, kile cha zamani cha kushikana mikono. Alijifunika uso kwa ncha ya mtandio.

Tulilala pale. Asubuhi aliukunja mkeka wake, akaanza kupanga nguo mbichi ndani ya begi.

"Narudi nyumbani," alisema.

"Mguu ukipoa tutakwenda polepole. Au tukae hapa hapa. Sina haja na Bagamoyo."

"Najua huna. Una haja na mimi." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. "Kila ninalosema unacheka. Lile la Idi halikuwa la kuchekesha kiasi kile. Unanitazama kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Mimi bado nipo, shoga. Umenichosha."

Nilitazama nje. Uani kuku walikuwa wakidonoa mbata, na hakuna aliyekuwa akiwafukuza.

Bodaboda ya kumpeleka kwenye pantoni ilikuwa ikimngoja barabarani, ng'ambo ya minazi. Kwetu mgeni haachwi aondoke mlangoni. Unatembea naye, unazungumza mambo yasiyo na maana, mpaka mmoja wenu aseme sasa rudi. Niliinuka, nikaanza kuvaa viatu.

"Usinisindikize," alisema. "Wewe pia ni mgeni hapa."

Mama alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Akajitanda kanga yake, akalichukua begi lililolowa. "Haya twende, mwanangu, nikufikishe barabarani." Mwenzangu alinishika bega, kidogo tu, kama anayeshika ukuta asianguke, akatoka akichechemea.

Nilibaki nimesimama na kiatu kimoja mguuni. Mama akaurudisha mlango nyuma yao, kuku wasiingie.