Kipande cha Kuonja cha Gicheru

Huko Mweiga, mtu akiwa na mbuzi wa ruracio, sherehe ya mahari, humwita Gicheru. Kisu chake hupita kwenye kiungo kama kinapita kwenye siagi. Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ukiiva, yeye ndiye hukata kipande cha kwanza, akakionja mbele ya wazee na kusema, "Imeiva." Hapo ndipo watu hula.

Mwaka huu nyayo zilianza kumfa ganzi, na kufika tu shamba la viazi kukamwacha akihema. Kupimwa damu, kila aina ya seli ikaonekana imepungua. Akatumwa Nyeri kwa Daktari Kananu, bingwa wa kuchunguza magonjwa ya damu. Gicheru na mkewe Watiri walikuwa na neno moja kooni, saratani, na hakuna aliyethubutu kulitamka.

Daktari alimlaza kifudifudi, akamtia ganzi, kisha akaingiza sindano nene kwenye mfupa wa nyonga ili avute uboho, ule ute wa ndani ya mfupa ambamo damu hutengenezwa.

"Daktari, hapo umekosea," Gicheru akasema, uso ukiwa kwenye mto wa kitanda. "Uboho mtamu uko kwa paja."

"Mzee, mimi sipiki supu."

Siku ya majibu, Daktari Kananu alieleza kwamba alikuwa ameupaka uboho kwenye kioo, akautia rangi na kuutazama kwa hadubini.

"Saratani sikuiona," akasema. Watiri akashusha pumzi. "Nimeona seli changa zimevimba, zimeshindwa kukomaa. Na damu yako haina vitamini B12 ya kutosha. Hiyo hutoka kwa nyama, maziwa na mayai. Unakula nyama?"

Watiri akaangua kicheko. "Huyu? Huyu amemaliza mbuzi wa Mweiga!"

"Nakula sana," Gicheru akasema.

"Basi tumbo ndilo linaikataa. Itabidi tupitishe mpira wenye kamera mdomoni, tuangalie huko ndani."

Gicheru akamgeukia mkewe. "Mama Wachuka, hebu toka nje kidogo."

"Sitoki."

Akainamisha kichwa. "Daktari, nyama niliacha zamani. Mbuzi wa kina Waweru alinilamba mkono nikiwa nimeshika kisu. Maziwa yananisokota tumbo. Mayai sipendi tu."

"Na kile kipande unaonja?" Watiri akauliza.

"Naweka kwa mfuko ya koti."

"Ati nini? Kumbe ndiyo maana mbwa wetu hulala juu ya hiyo koti!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko kikaisha, machozi yakaendelea, naye akawa ameshika mkono wa shati la mumewe haachilii.

Gicheru akaanza kudungwa sindano za vitamini, na miguu ikamrudia. Kwenye ruracio ya Kagure, binti wa jirani, alichinja tena. Mutura ukaiva, akakata kipande cha kwanza, akampa Watiri.

Wazee wakaguna. Mzee Mutahi akauliza, "Tangu lini mutura ikaonjwa na mama?"

"Daktari amenikataza," Gicheru akajibu, bila kupepesa macho.

Watiri akatafuna polepole, akimwangalia. "Imeiva," akasema.

Kando ya jiko, mbwa wao alinusa mfuko wa koti la Gicheru, akanusa tena, kisha akaenda kulala miguuni pa Mzee Mutahi.