Picha Chini ya Mpini

Rudell Tackett, fundi mabomba wa mji mdogo huko Oklahoma, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: bastola kuukuu. Akitoka kazini, moja kwa moja gerejini, kuchonga nakshi kwenye vipande vya mbao vya mpini. Mkewe alishachoka kumwita mezani.

Safari hii kazi ilikuwa ya heshima. Bastola ya marehemu baba yake, Orville, aliyorudi nayo kutoka vitani, ilikuwa inavishwa mpini mpya wa mti wa jozi. Upande mmoja amechonga ORVILLE, wa pili VELMA, zawadi ya mama yake anayetimiza miaka sabini na tano. Bi Velma mwenyewe alikuwa ameketi pale akimtazama.

"Umehakikisha haina risasi?"

"Mama, unanifundisha mimi bastola?"

"Na suruali, nani alikufundisha kuvaa?"

Rudell akacheka, akafungua upande wa kushoto, akafunga ORVILLE. Ikakaa barabara. Alipogeuza, mama yake akasema, "Huo wa kulia uache ulivyo."

"Nini? Bastola yenye mpini wa mbao mbili tofauti? Watanicheka mji mzima!"

"Rudell, nimesema uache."

Lakini mkaidi yule, bisibisi ilishaingia. Mbao ikabanduka, na chini yake, lahaula! Picha ya mwanamke kijana akicheka.

Desturi hiyo aliijua vizuri: askari wa vita vile walikata plastiki ya madirisha ya ndege zilizoanguka, wakatengeneza mpini wa kuonyesha ndani, na chini yake wakaweka picha ya mpenzi. Baba alikuwa ameondoa plastiki akafunika kwa mbao. Picha akaiacha.

"Mzee alikuwa na mwanamke!" Damu ilimchemka. "Miaka yote hii! Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Mimi ndiye niliyemwambia afunike, nisimwone kila siku." Bi Velma aliinyooshea picha kidole. "Aliitwa Lorene. Alikuwa mke wake. Alifariki siku ulipozaliwa."

Rudell alimtazama. Akaitazama picha. Mwanya ule kati ya meno ya mbele alikuwa anauona kila asubuhi kwenye kioo akinyoa ndevu.

"Nilikuchukua hujaota hata jino," alisema Bi Velma. "Kila mwaka nasema nitamwambia, nitamwambia. Niliogopa, Rudell. Niliogopa utaacha kuniita Mama."

Miaka hamsini na mbili, na hakuna hata mtu mmoja mjini aliyefungua kinywa! Skrubu ikamponyoka ikabingirika chini ya meza. Bi Velma, na magoti yake yale mabovu, akashuka sakafuni akaanza kupapasa vumbi kuitafuta.

"Inuka, Mama, utaumia," Rudell alisema, na tayari alikuwa amemshika mkono.