Mto Wanaouita Mzee

Jua limeshakolea. Mama wa watoto watatu ameketi juu ya jiwe, macho hayabanduki kwenye kona ambako mto unachomoza kutoka mlimani. Chini yake wanaume wamezama hadi kiunoni, wanachota mchanga kwa mabeleshi.

Kazi yake ni moja tu: kupiga kelele. Mvua hunyesha huko juu huku chini jua linawaka. Hakuna anayejua lolote mpaka maji yafike kwa kishindo na magogo yake, yakikimbilia baharini utadhani yameitwa.

"Huu mto hauna haya," anasema. "Unaingia bila hodi."

Wachimbaji hawautaji. Kwao, kuutaja mto ukiwa ndani yake ni kuutafuta. Wanauita Mzee, na ukifurika mlinzi hupaza sauti: "Mzee anashuka!" Hapo kila mtu hutupa beleshi na kutimua mbio.

Miaka minne iliyopita mumewe alianza kuchimba hapa. Alikuwa mgeni, na jamani, hakuna aliyekumbuka kumweleza Mzee ni nani! Baba mkwe wake naye alizoea kuteremka mchana kuwajulia hali. Mlinzi wa wakati ule alipoita, wachimbaji wengine walikimbilia ukingoni. Mumewe, kifua wazi na bukta imetoboka, alikimbilia shati lake lililoanikwa kwenye mwamba katikati ya mto.

"Alidhani ni baba yangu," anasema mjane huyo, na kucheka kicheko kikavu. "Angesimamaje vile mbele ya mkwewe? Mume wangu alikufa anafunga vifungo. Adabu ndiyo iliyomuua."

Mwili haukupatikana. Baba wa mjane hajashuka tena mtoni. "Anasema yeye ndiye aliyemuua. Nimechoka kubishana naye."

Mjane alipopewa ulinzi mwaka jana, aliutupa wito wa zamani. Yeye huita, "Mto! Mto!" Wachimbaji wamekuja juu. Wanasema anawachulia mkosi.

Msimamizi wao anasogea, maji yanamchuruzika. "Shemeji, mambo haya tumeyakuta. Mzee ni Mzee. Kama hutaki, wiki ijayo kwenye jiwe hilo atakaa mwingine."

"Na hiyo heshima mnayompa, shemeji, imeshampunguza kasi hata siku moja?"

Msimamizi anakohoa, anarudi majini. Wiki ijayo haiko mbali, na hii ndiyo kazi inayomlishia wanawe.

Hata hivyo habadilishi. "Wanifukuze. Nitasimama pale juu, niite bure. Watakaonisikia watapona."

Ana safari moja anayoipanga. Bahari hajaiona tangu azaliwe, lakini anataka kufika pale mto unapoishia, kwa kuwa ndiko mumewe alikopelekwa.

"Siendi kulia, nimeshalia vya kutosha," anasema, bila kuyaondoa macho kwenye kona. "Nakwenda kumwambia hakuwa baba. Shati angeliacha tu."