Bunduki Aliyoichagua Bibi

Mwezi uliopita nilivuka ziwa na kivuko kutoka Mwanza kwenda Kamanga kumzika binamu yangu. Kando yangu aliketi askari wa wanyamapori, kijana mwenye adabu, aliyeniamkia shikamoo na kunipisha kwenye benchi. Kabla hatujaondoka alivuta bolti ya bunduki yake kuhakikisha haina risasi ndani. Chuma kikalia: klak, klak. Nikaruka kama mtoto.

"Nimekutisha, bibi?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, mwanangu. Ningemweleza nini, na safari yenyewe ni fupi? Mlio ule niliusikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kama tisa hivi, ukitoka mikononi mwa bibi yangu, mke wa pili wa babu, na nakwambia ukweli, mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Tulikuwa tunaishi upande huo huo wa Kamanga, enzi za Mwingereza, kabla ya vita ya Hitla. Asubuhi ulikuwa unaamshwa na mchi wa bibi ukitwanga mtama. Juu ya mawe ya pwani walianikwa furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi, na harufu yao ilikuwa inaingia hadi kwenye blanketi. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege shambani na kuteka maji, na mfukoni sikukosa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa vikawa vigumu kama mbao. Ulikuwa unatafuna kipande kimoja tangu asubuhi hadi jua la utosi.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, anayetembea polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Chuma kikali pekee nilichowahi kumwona nacho kilikuwa kisu cha kumenyea viazi. Mwindaji alikuwa babu. Gobori lake la kushindilia baruti lilining'inia ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Mwaka huo alitokea kiboko dume aliyejitenga na wenzake. Mwanzoni alikuwa anakula mpunga na majani ya viazi, akishiba anarudi ziwani. Halafu ghafla akawa mkali. Akaanza kufuata mitumbwi. Watu wakasema amerogwa.

Siku moja mama jirani, mwanamke mcheshi aliyekuwa akinisuka nywele, alinichukua kwenye mtumbwi tuvuke kwenda Mwanza kuuza karanga. Hatukufika mbali. Nakumbuka maji yalivimba chini yetu, kisha nikawa naliona jua nikiwa ndani ya maji. Mkono wake ulinisukuma kwa nguvu hadi kwenye mtumbwi uliopinduka, nikaushika. Nilipogeuka, hakuwepo. Nilitazamia kelele, lakini hapakuwa na kelele yoyote. Karanga tu zilikuwa zinaelea.

Baada ya msiba ule babu alikonda. Mikono yake ikawa inatetemeka hata akishika kibuyu cha maziwa. Nilidhani ni huzuni.

Mtemi akaenda bomani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kuomba kibali, na kikatoka: inunuliwe bunduki ya kisasa, babu akaichague Mwanza. Asubuhi ya safari bibi alijifunga nguo yake akasema, "Nakwenda nawe."

"Kufanya nini?"

"Chumvi imeisha."

Alinichukua na mimi, kwa kuwa tangu siku ile nilikuwa sikubali kubaki bila yeye. Njia nzima ziwani nilificha uso mapajani mwake.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mwembamba mwenye kofia nyeusi. Alitandika gunia juu ya meza, akaweka bunduki moja iliyong'aa, mtutu mwembamba, kitako kimechongwa maua. Babu aliinyanyua kwa mkono mmoja, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Nzuri sana hii, Mzee," mwenye duka akasema. "Nyepesi. Utatembea nayo kutwa bila kuchoka."

"Tufungie hii," babu akasema.

"Hapana."

Hakuna aliyegeuka, maana hakuna aliyedhani ni bibi aliyesema. Aliweka chini kifurushi chake cha chumvi, akasogea mezani, akaichukua ile bunduki mikononi mwa babu. Akavuta bolti. Klak, klak. Akaichomoa yote, akailaza juu ya gunia, akaelekeza mtutu mlangoni kwenye mwanga na kuchungulia ndani kwa jicho moja.

"Ni safi," akasema. "Lakini si yake. Nipe ile iliyosimama pembeni."

Mwenye duka alimtazama babu, babu akamtazama yeye, kisha mwenye duka akasema, "Mama, ile ni nzito mno. Mzungu mmoja wa machimbo ya Geita aliiagiza, akaondoka bila kuichukua. Mtutu wake mnene kama mchi."

"Naona. Nipe."

Akaikagua kama ile ya kwanza. Kisha bibi yangu, huyo huyo wa kumenya viazi, alipiga goti moja kwenye sakafu, akaegemeza kiwiko juu ya goti la pili, akalaza shavu kwenye kitako na kulenga barabarani. Mtu mmoja aliyekuwa anapita nje aliangusha baiskeli yake akakimbia. Mtutu haukutikisika hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama," mwenye duka akasema kwa sauti ndogo, "nani alikufundisha?"

"Mume wangu," bibi akajibu bila kuondoa jicho. "Alikuwa askari wa Mdachi. Nilimfuata vitani mpaka alipofia kusini. Alipokuwa anashikwa na homa, nani mwingine angemsafishia bunduki?"

Nikamgeukia babu. Babu hakuwahi kuwa askari wa mtu yeyote. Alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Uliniambia alikuwa mpagazi," akasema.

"Ulikuwa hutaki kusikia habari zake. Nikakupa kidogo ulichoweza kuvumilia."

Tulitoka na ile nzito. Pwani ya Kirumba, tukisubiri mtumbwi, babu aliinyanyua ile bunduki kwa mikono miwili, akaishusha. Akauliza, "Kwa nini hii? Nitaibebaje mimi?"

"Nitaibeba mimi. Bunduki nyepesi inafuata mkono, na mkono wako..." Bibi akaushika mkono wake mchana kweupe, mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Unatetemeka. Hii itatulia hata usipotulia wewe."

"Unajua kwa nini mkono wangu unatetemeka?" babu akauliza.

"Najua. Nilisikia gobori asubuhi ile."

Sikuelewa. Nilidhani ni mambo ya watu wazima.

Siku ya tatu, jua likichomoza, bibi aliibeba begani hadi kwenye majabali, babu akalala kifudifudi na kuuegemeza mtutu juu ya jiwe. Siku hiyo niliachwa kwa lazima, nikawa uani napepeta mtama. Mlio ulikuwa mmoja tu, ndege wote wakaruka. Kufikia mchana yule mnyama aliibuka akaelea, wanaume wakamvuta kwa kamba hadi ukingoni. Kijiji kizima kilikuja na visu na vikapu.

Babu alikataa vijana wamsaidie. Alianza mwenyewe kuchana bega, mahali palipokuwa na kidonda cha zamani kinachonuka usaha. Akaingiza vidole, akatoa kitu kidogo cheusi. Ilikuwa gololi ya risasi ya gobori, imebonyea. Tulioiona tulikuwa watu wawili, bibi na mimi. Angeweza kufumba kiganja. Alimtazama bibi, na bibi hakutikisa kichwa wala hakuitikia. Alimwachia mwenyewe.

Babu akanyanyuka, akamwita mume wa mama jirani, aliyekuwa amesimama peke yake mbali na watu.

"Ndugu yangu, hii imetoka kwenye gobori langu. Nilimpiga huyu bila kibali, siku chache kabla ya msiba wako. Nikamjeruhi tu, akawa mkali. Nikanyamaza."

Yule mfiwa aliichukua ile gololi akaigeuzageuza.

"Ulilala matangani kwangu ukiwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Aliiacha ianguke kwenye tope, akaondoka bila kuchukua nyama. Babu aliketi pale pale kwenye maji akalia kwa sauti. Nilikuwa sijui kwamba wanaume wanalia. Bibi alimsimamia, mkono begani, mpaka alipomaliza.

Zamani hizo wanaume wa nyumba jirani walikuwa wanakula pamoja kila jioni kwenye shikome, yaani moto wa uani, kila nyumba ikileta chungu chake. Nafasi ya yule mfiwa ilibaki wazi kwa miezi. Mgeni akitaka kukaa hapo, babu alikuwa anamwonyesha mahali pengine.

Mavuno yalipokwisha, jioni moja nikiwa nawanawisha mikono wazee, yule mfiwa alikuja na kigoda chake. Hakukaa kando ya babu. Alikaa mkabala naye. Akanyoosha mikono, nikammiminia maji, nusu yakamwagikia miguuni pake. Akamega ugali, akachovya kwenye mlenda, akala.

"Mtama wako umekomaa vizuri mwaka huu," akasema.

"Umekomaa," babu akajibu.

Hayo tu. Nilikimbia jikoni kumwambia bibi, kumbe alikuwa ameshaona kutoka mlangoni. Alikuwa anainjika chungu kingine.

Siku ya mazishi ya binamu nilizunguka kidogo peke yangu. Furu hakuna tena. Vijana hata jina hawalijui. Ukimuuliza mtu habari za yule kiboko, anakumbuka tu alichosimuliwa. Baada ya maziko tulipewa pilau kwenye sahani, kila mmoja na yake, kila mmoja kageukia upande wake kwenye kiti cha plastiki. Pale palipokuwa shikome pamejengwa kibanda cha kuchajia simu. Nilisimama mbele yake muda mrefu na fimbo yangu, nikijaribu kukumbuka kigoda cha babu kilikuwa upande gani na cha yule mfiwa upande gani. Sikuweza. Na hakuna hata mtu mmoja aliyebaki wa kumuuliza.